Nyuso za Kutundika Maktabani

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa historia siku ya kufunguliwa maktaba ya shule ya sekondari, Tanga

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazee wangu wa kamati, wazazi, na nyinyi wanafunzi ambao ndio wenye maktaba hii: Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie kuta. Jengo limekwisha, rafu zimeanza kujaa, rangi imekauka, na kati ya madirisha kamati imeacha nafasi sita za picha za watu wa historia tunaowaheshimu. Wanafunzi na walimu wameleta mapendekezo, orodha imekuwa ndefu, na nasikia mabishano yameshafika hadi mabwenini. Nimefurahi sana kusikia hivyo. Ukuta uliobishaniwa hutazamwa. Ule unaopambwa na fundi bila mtu kuulizwa, baada ya mwezi mmoja hakuna anayejua nani yuko juu yake.

Nitasema mapema ninachokiamini. Picha ya mtu itundikwe na anayeweza kuisimulia. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akisimama hapa akauliza huyu ni nani, alifanya nini, na kwa nini awekwe yeye, aliyeitundika awe na maelezo ya kutosha, na ndani ya maelezo hayo aseme pia lile lililo gumu kulisema. Kama hatuna maelezo hayo, nafasi ibaki tupu mpaka tuyapate.

Wote tumekulia chini ya picha za ukutani. Ofisini kwetu yuko Mwalimu Nyerere upande mmoja na Rais aliye madarakani upande wa pili. Zanzibar utamkuta Mzee Karume. Ukienda Kenya, picha ya Rais utaiona hadi dukani. Hizo ni picha za mamlaka, zina kazi yake, na pahala pake ni ofisini kwa mkuu wa shule, ambako tayari zipo. Hapa maktabani hakuna anayetuamuru. Tunachagua wenyewe, na kwa hiyo tutakachochagua kitatueleza sisi.

London kuna jumba lililoanzishwa mwaka 1856 kwa ajili ya picha za watu wa historia, linaitwa National Portrait Gallery. Waanzilishi wake walijiwekea masharti, na mawili nayapenda. La kwanza, picha iingizwe kwa sababu ya mtu aliyechorwa na alichokifanya; ustadi wa mchoraji uje nyuma. La pili, asiingizwe aliye hai, wala aliyefariki chini ya miaka 10, isipokuwa mfalme au malkia aliye kwenye kiti pamoja na mwenzi wake. Sharti hilo la pili walikuja kulifuta mwaka 1969, lakini kwa shule mimi naona lingefaa sana. Katika orodha yenu wamo wanamuziki na wachezaji mpira wanaotamba leo, na wanasiasa wamo. Siwakatai. Nasema wangoje. Mtu aliye hai habari yake haijaisha, na sisi hatuna haki ya kuimalizia kwa niaba yake.

Niingie sasa kwenye majina.

Mwalimu wa fizikia amependekeza Michael Faraday, na kuna waliouliza Mwingereza wa karne ya 19 anatafuta nini kwenye ukuta wa Tanga. Naomba mnisikilize. Albert Einstein alikuwa ametundika katika chumba chake cha kazi picha za Newton, Faraday na James Clerk Maxwell. Faraday alizaliwa mwaka 1791, baba yake mhunzi. Shule aliisoma kidogo tu, akapelekwa kujifunza kazi kwa mtu wa kujalidi vitabu, akawa anavisoma vitabu vilivyoletwa kushonwa. Mwaka 1831 akaonesha kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya waya uliozungushwa, umeme unapita katika waya ule. Hesabu za juu hakuzijua; aliyoyaona aliyaeleza kwa maneno na michoro. Mwaka huohuo wa 1831 akazaliwa Maxwell, ambaye alikuja kuyatia mawazo ya Faraday katika hesabu. Maxwell akafariki mwaka 1879, na mwaka huohuo akazaliwa Einstein, ambaye mwaka 1905 alianzia pale Maxwell alipoishia. Kwa hiyo Einstein alipoinua macho kutoka mezani alikuwa akiitazama silsila yake, kama mwanachuoni anavyoweza kuwataja waliomsomesha, na waliowasomesha hao, mmoja baada ya mmoja kurudi nyuma.

Na Tanga? Mitambo ya umeme ya Hale, hapo kwenye mto Pangani, inafanya kazi kwa jambo lilelile alilolionesha mtoto wa mhunzi. Maji yanazungusha, sumaku na waya vinapishana, umeme unatoka. Kidato cha pili wanaweza kulionesha jambo hilo mbele ya picha yake kwa sumaku moja na msokoto wa waya. Picha inayoweza kusimuliwa kwa mikono namna hiyo mimi naipa nafasi bila kusita.

Shaaban Robert sidhani kama yupo wa kumpinga katika mji huu. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, kusini mwa hapa tulipo. Lakini nawaomba mnaomtaka mseme mnamtaka kwa lipi, maana wengi wenu mnamjua kama mshairi wa mtihani. Nikiulizwa mimi, nitaanza na kazi yake ya mshahara. Alikuwa karani. Mwaka 1926 aliingia idara ya forodha, na kwa miaka mingi akatumikia ofisi za serikali ya kikoloni, Pangani, hapa Tanga na kwingineko. Maktaba nzima ya mashairi, hadithi na insha aliijenga akiwa mwajiriwa wa ngazi ya chini, na aliijenga kwa Kiswahili. Waingereza walimpa nishani, na hilo lisimuliwe. Mwanafunzi akiuliza aliyevishwa nishani na mkoloni anafanya nini ukutani, mwelezeni kwamba mtu huyo alikufa tarehe 20 Juni 1962, akiwa ameishi katika nchi huru miezi sita na ushei tu, na kwamba karibu kila neno alilotuachia aliliandika chini ya bendera ya wengine. Kisha mpeni vitabu vyake aamue mwenyewe. Viko rafu ya pili.

Kando yake nataka awe Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, na sababu ametupa Shaaban mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyeandika wasifu wake. Napenda ukuta ambao walio juu yake waliheshimiana. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, miaka ya 1880 hivi, baba wa asili ya Unyamwezini, mama wa asili ya Uzigua, kwa hiyo damu yake moja inatoka huku kwetu. Walikuwa watu wa chini kabisa katika Unguja ya masultani. Aliuza vyungu. Shule hakuiona. Taarabu ya jumba la mfalme ilikuwa ya Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili mpaka wenye majumba wakamwita wenyewe, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, mwanamke wa kwanza wa pwani yetu kufanya hivyo. Santuri zile zikarudi na kusambaa pwani nzima. Kuna waliokereka. Walimsimanga kwa asili yake, walimsimanga na kwa sura yake, mpaka wakamtungia wimbo wa kumdhihaki. Basi mimi nataka sura hiyohiyo iliyosimangwa itundikwe hapa, kubwa, ndani ya fremu nzuri kuliko zote, na wasichana wa shule hii wapite chini yake kila siku.

Sasa nifike penye moto.

Mwalimu Nyerere hana mpinzani katika orodha. Bibi Titi Mohamed anao. Wamenieleza hoja yao kwa adabu, nami nitawajibu kwa adabu: wanasema alihukumiwa kwa uhaini, na shule haiwezi kumtukuza mtu aliyefungwa kwa kosa hilo.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Kabla ya siasa alijulikana kwa sauti yake, akiongoza kuimba katika kikundi cha ngoma. TANU iliundwa Julai 1954. Serikali ya kikoloni ikawakataza watumishi wake kujiunga na chama, na hao ndio waliokuwa wasomi wengi wa mjini. Mwaka 1955 ikaanzishwa sehemu ya wanawake, akapewa Bibi Titi kuiongoza. Hakuanza na hotuba za vitabuni. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma na lelemama, kwa wauza vitumbua, kwa wanawake waliokuwa wamezoea kujipanga, kuchangishana na kutunza siri, na akawaleta kwenye chama kwa maelfu. Mtu akiniambia uhuru wa Tanganyika ulipiganiwa na wanaume waliovaa suti, namwona kwamba hajui nusu ya habari. Uhuru ulipopatikana, Bibi Titi aliingia bungeni na serikalini.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1965 alipoteza kiti chake cha ubunge. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na masharti yake yakamkataza kiongozi kupangisha nyumba. Bibi Titi hakukubaliana nayo, akajiuzulu. Mwaka 1969 alikamatwa pamoja na wenzake kwa tuhuma za kutaka kuipindua serikali, akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais, akaishi kimya kwa miaka mingi, akafariki mwaka 2000. Leo moja ya barabara kubwa za Dar es Salaam ina jina lake. Kwa hiyo wenzangu, dola iliyomfunga imekwisha kumrudishia heshima yake hadharani. Sisi tunaogopa nini?

Ombi langu ni kwamba picha ya Bibi Titi na ya Mwalimu ziwe jirani, kwa urefu mmoja, fremu za aina moja. Walihutubia pamoja. Utawala wa Mwalimu ukamfunga. Msamaha wa Mwalimu ukamtoa. Mimi nilisoma bure katika shule za Mwalimu, kama asingekuwepo nisingesimama hapa, na mapenzi yangu kwake hayana kificho. Kwa sababu hiyohiyo sitaki asimuliwe kama malaika. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi ilipitishwa mwaka 1962, chama chake kikiwa madarakani. Miaka ya 1970 mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini, na wengi hawakuhama kwa hiari. Mtoto anayeweza kuyasema hayo na papo hapo akaeleza kwa nini mzee huyu alililiwa na nchi nzima Oktoba 1999, huyo ameisoma historia ya Tanzania. Picha mbili zikikaa pamoja zitamlazimisha ayaseme yote.

Na Nyerere yupi? Ofisini yupo Nyerere wa picha rasmi. Hapa naomba ile ya mwaka 1961, amebebwa mabegani na watu, ameshika bango la kutangaza uhuru kamili, amecheka, kijana ambaye hajafika miaka 40. Mwalimu yule bado hajawa Rais. Bado ni mtu aliyeacha kazi ya ualimu kule Pugu kwa ajili ya jambo ambalo hakuwa na hakika kama litafanikiwa, na umri wake huo unaweza kufikirika kwa kijana wa kidato cha sita.

Kuna jina ambalo nimelikataa, na aliyelileta anastahili kuambiwa sababu. Ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip. Naelewa kilichomvutia. Picha zake ni nzuri mno: ndevu za mvi, kanzu, jambia kiunoni, macho yanakutazama sawasawa. Alikuwa na akili kubwa, alizijua njia kutoka pwani hadi Kongo, na habari za maisha yake alizieleza mwenyewe kwa Kiswahili, kitabu ambacho lazima kiwe ndani ya maktaba hii. Lakini utajiri wake ulitokana na pembe za ndovu na watu. Misafara yake ilichoma vijiji vya Manyema na kwingineko. Asomwe, na asomwe kwa makini, na kuwekwa ukutani asiwekwe. Rafu ni ya kila mtu tunayehitaji kumjua. Ukuta ni wa wale tunaotaka watuone tukifanya kazi. Wazuri wa sura tusidanganywe nao. Fundi picha hodari anaweza kumpa heshima yeyote aliyelipa.

Hapo naomba nikae kidogo, kwa sababu kuchagua mtu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza picha hii ilipigwa na nani, na kwa nia gani.

Kidato cha tano wameleta Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau wa Kenya. Picha waliyoileta ni ile iliyoenea kuliko zote, amelala, mikono imefungwa pingu, nywele zake ndefu zimesokotana. Ilipigwa alipokamatwa, tarehe 21 Oktoba 1956, na waliomkamata ndio waliotaka ionekane. Ilichapwa na kusambazwa ili Wakikuyu wajue kwamba kiongozi wao amekwisha. Tarehe 18 Februari 1957 alinyongwa Kamiti, akazikwa hukohuko gerezani bila alama. Kuna wanaosema, na hoja yao ina uzito, kwamba watu wameipora picha ile kutoka kwa adui: iliyokusudiwa kumdhalilisha ikawa nembo ya ushujaa. Mimi bado roho inakataa. Nikimtundika mtu ninayemheshimu, sipendi atazamwe kwa jicho la aliyemtia pingu. Nairobi, kwenye barabara yenye jina lake, ipo sanamu iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa. Pale amesimama, na silaha mkononi. Kama ni Kimathi, nipeni picha ya sanamu ile.

Frederick Douglass aliyaelewa haya mapema kuliko wote. Alizaliwa mtumwa Marekani, akatoroka mwaka 1838, na katika maisha yake alikaa mbele ya kamera mara nyingi kuliko Mmarekani mwingine yeyote wa karne ya 19. Picha zake zinazojulikana ni 160 hivi. Alikaa kwa makusudi, amevaa vizuri, uso mzito, karibu kila mara bila tabasamu, kwa kuwa magazeti ya siku zile yalizoea kumchora mtu mweusi akichekacheka kama mjinga. Aliamua mwenyewe jinsi atakavyoonekana na vitukuu vyetu.

Lumumba hakupata nafasi hiyo. Waziri mkuu wa kwanza wa Kongo alikamatwa Desemba 1960, akaoneshwa mbele ya wapiga picha amefungwa kamba mikono, askari wakimvuta. Tarehe 17 Januari 1961 akauawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, mwili wake ukayeyushwa kwa asidi ili kusiwe na kaburi. Jino lake lilirudishwa na Ubelgiji mwaka 2022. Dunia ilibaki na picha ya mateka. Lakini Lubumbashi watu walikuwa na jibu. Kulikuwa na wachoraji wa mitaani waliochora juu ya vitambaa vya magunia ya unga na kuwauzia wafanyakazi wa migodi na reli, watu wa kipato kidogo, wakazitundika picha zile sebuleni kwao ziwe ukumbusho. Aliyejulikana zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu. Miaka ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi yake, picha mia moja na zaidi, na alizieleza moja moja kwa Kiswahili cha kule. Kifo cha Lumumba alikichora na misalaba mitatu kwa nyuma. Hakwenda shule ya sanaa, na hakungoja ruhusa ya mtu kusema Lumumba alikuwa nani. Mgeni akifika sebuleni kwa fundi wa reli akaona picha ile, mazungumzo yanaanza yenyewe, na watoto wako pale wanasikiliza. Sijui mfano bora zaidi wa picha ya ukutani inayofanya kazi yake.

Ndiyo maana nimewaambia kidato cha tatu, wanaomtaka Lumumba kwa nguvu, kwamba wasinunue bango. Wamchore.

Limebaki kundi ambalo limenisumbua kuliko lolote: wasio na picha.

Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alikufa karibu mwaka 1840, wakati kamera ndiyo kwanza inatangazwa Ufaransa. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 upande wa Lamu na Pate, na hakuna aliyemchora. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, Maji Maji ikiwa ndiyo inaanza, na sura zote tunazoziona ni za kubuni. Mkwawa aliwashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, akajiua mwaka 1898 ili asishikwe, na kilichochukuliwa ni kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo. Lilifika Kalenga mwaka 1954, baada ya gavana Twining kulichagua miongoni mwa mafuvu yaliyowekwa kwenye jumba la makumbusho la Bremen. Fikirini jambo hilo. Watu wetu walipimwa mafuvu na kuandikwa namba, na picha ya uso hatukuachiwa.

Siku hizi ukitafuta majina haya kwenye simu utaletewa nyuso. Nyingi zimetengenezwa na kompyuta. Nyingine ni kadi za posta za zamani, za wanawake na wanaume ambao mpiga picha hakujali hata kuwauliza majina, na leo mtu anachukua uso wa bibi wa watu na kuuita Mekatilili, shujaa wa Wagiriama. Hilo ni kosa juu ya kosa: aliyepigwa picha amenyimwa jina lake kwa mara ya pili, na shujaa amepewa uso usio wake. Naomba maktaba hii isifanye hivyo kamwe. Kama ni mchoro, paandikwe chini kwamba ni mchoro na jina la aliyechora. Hata lile jumba la London, picha yake ya kwanza kabisa ni ya Shakespeare, na wataalamu wanaendelea kubishana kama kweli ni yeye. Wao wameitundika, na ubishi wameuandika.

Kwa wasio na uso, pwani yetu ina njia ya zamani. Nyumba nyingi za Waislamu hazitundiki sura za watu, na wapo wazazi humu ndani wenye msimamo huo, nami nauheshimu. Nyumba hizo hazikukaa tupu. Lamu na Unguja kuna kuta zenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, vyombo vya kauri vimepangwa, na maandishi ya khati yametundikwa. Basi Mwana Kupona tumtundike kwa maandishi. Tuchukue beti chache za utendi wake, ziandikwe kwa herufi za Kiarabu kama zilivyoandikwa zama zake, na chini yake kwa herufi za kawaida. Mwandishi wa khati mjini hapa hatukosi.

Na habari yake mnaijua? Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyekuwa akipingana na sultani. Alikuwa mgonjwa, akijua siku zake si nyingi, akamtungia bintiye beti mia moja hivi za wosia. Dada zangu wa kidato cha sita wameshanijia juu: utendi ule unamfundisha mke kumtii mume kuliko wanavyoweza kukubali leo. Ni kweli. Lakini hapo yuko mwanamke wa mwaka 1858 aliyejua kuandika, aliyejua vina na mizani, na aliyeamua kwamba mtoto wake wa kike atarithi maneno. Pingeni mafundisho yake kwa beti zenu. Zitundikwe karibu naye.

Sasa mambo ya fundi, nayapitia haraka. Chumvi ya bahari inakula misumari, kwa hiyo tumieni ya chuma cha pua au ya shaba. Picha isigusane na kioo. Wekeni kadibodi ya pembeni iache upenyo, la sivyo masika ya kwanza itanata na kuota ukungu. Ukuta wa magharibi unapigwa na jua la alasiri, msiweke kitu huko. Mbao zipakwe dawa, mchwa wa Tanga hawachagui shujaa. Picha iliyotumwa kwa simu ikikuzwa inakuwa mawingu, kwa hiyo tuwaandikie wenye hifadhi za picha tupate nakala safi, na jina la mpiga picha liandikwe. Kimo kiwe cha macho ya mwanafunzi, si cha mwalimu. Chini ya kila picha liwekwe karatasi moja ndani ya kioo: jina, miaka, alilofanya, na lile gumu. Karatasi hizo ziandikwe na wanafunzi, na kila mwaka kidato kipya kiziandike upya.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii: Faraday, Shaaban Robert, Siti binti Saad, Nyerere na Bibi Titi. Nafasi ya sita ninampa Mwana Kupona. Kidato cha tano wanamtaka Kimathi, na kidato cha tatu wamesema hawatalala kama si Lumumba. Mkuu wa shule amekubali pafanyike mdahalo Ijumaa, hapahapa, kabla msumari wa kwanza haujapigwa. Watakaokuja na mchoro wao uliokamilika na karatasi yake iliyoandikwa vizuri wanaweza kuichukua kura yangu. Wazazi mnakaribishwa, na walioziona siku za TANU kwa macho yao tunawaomba waje mapema, kwa sababu karatasi ya Bibi Titi bado haijaandikwa.

Asanteni kwa kunisikiliza.